Risala ya Wahadhiri wa Ustawi wa Jamii kwa Mgeni Rasmi, Dodoma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Uongozi wa chuo, wahadhiri wenzetu, wanafunzi, mabibi na mabwana,

Karibu sana katika hafla ya kufunga mafunzo ya ufundishaji kwa TEHAMA. Historia yetu ni fupi: tulianza na chaki, ikaja projekta, leo tuna Moodle, mfumo wa kufundishia mtandaoni. Mafanikio ni makubwa mno. Kila mhadhiri anapakia notisi na majaribio mwenyewe, wakiwemo wazee wetu.

Mheshimiwa, inasemwa wahadhiri hatutaki teknolojia. Mwaka 1989 Fred Davis wa Marekani alieleza kuwa mtu huipokea teknolojia akiona ina manufaa na haimsumbui. Manufaa tunayaona. Usumbufu ndio huu.

Mwanafunzi wa ustawi huiva kwa kuhoji mteja. Hurekodi mahojiano ya kuigiza ya dakika 20, nasi tunasahihisha: alisikiliza au alimkatiza? Video ya kasi ya megabiti 2 kwa sekunde ni kama MB 300. Wanafunzi 40 ni GB 12, kwa bando la mhadhiri. Umeme ukikatika ruta inazimika, na faili lililofika asilimia 90 linaanza upya. Feni ya projekta nayo husimama globu ikiwa ya moto, globu inaweza kuungua. Hapo wote wanarudi WhatsApp, na ripoti za mafunzo kwa vitendo kutoka Bahi na Chemba, zenye majina ya watoto waliofanyiwa ukatili, zinabaki kwenye simu binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka taarifa kama hizo zilindwe. Maadili ya kazi yetu yalitaka hivyo tangu zamani. Mhadhiri anayesita hapo tusimwite mshamba.

Ombi letu ni moja: seva ya idara, yaani kompyuta ya kuhifadhi mafaili ya wote, video zipakiwe kwa mtandao wa ndani bila bando, kila mhadhiri na nywila yake, pamoja na umeme wa akiba. Inveta ya wati 1000, ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, na betri 2 za volti 12, ampea-saa (Ah) 100 kila moja, zinatosha. Seva, ruta na swichi ya mtandao zikila wati 200, na betri zikitumika nusu tu zisife mapema, tunapata saa 5 hivi, tukitoa umeme unaopotea kwenye inveta. Paneli za sola zitachaji. Jua la Dodoma hatumwombi mtu.

Mgeni rasmi aliyekutangulia alituahidi kompyuta mpakato. Tulipiga makofi, tukapiga na picha. Picha tunazo. Kwa heshima kubwa, safari hii tunaomba tutajiwe tarehe, na afisa wa kumfuatilia. Orodha ya vifaa tumeiambatisha nakala 2. Moja tumempa dereva wako, endapo hii itasahaulika mezani.

Tunaomba kuwasilisha.