Asiye na kadi ya chama naye aruhusiwe kugombea

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie suala la mgombea binafsi, kutokana na yaliyotokea kitongojini kwetu wilayani Muheza katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024.

Tunaye mama mmoja, mweka hazina wa kamati ya maji. Bomba likipasuka anafuatwa yeye, hata usiku. Mapato na matumizi huyasoma mkutanoni huku risiti ziko mezani, na anayetaka kuzikagua anazikagua. Wazee tulimwomba agombee uenyekiti wa kitongoji, akakubali. Kilichomkwamisha ni kadi. Hana chama, na bila kudhaminiwa na chama hagombei mtu. Wakamshauri achukue kadi yoyote ilimradi apate fomu. Alikataa, nami namheshimu kwa hilo. Tukaletewa majina yaliyopita kwenye kura za maoni za vyama, na majirani zangu kadhaa hawakwenda kabisa kupiga kura. Wasiitwe wavivu. Ndio hao hao wanaochimba mtaro wa maji bila malipo.

Ibara ya 20 ya Katiba yetu inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama. Ukifika Ibara ya 39 na ya 67, anayetaka urais au ubunge lazima awe mwanachama aliyependekezwa na chama. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania jambo hili tangu miaka ya tisini. Mahakama Kuu ilimkubalia, Mahakama ya Rufani ikatengua mwaka 2010, naye akaenda Mahakama ya Afrika pale Arusha, akashinda tarehe 14 Juni 2013. Hukumu hiyo mpaka leo haijatekelezwa. Wenzetu Wakenya wana wagombea huru kwa Katiba yao ya 2010.

Wapo wanaohofu kwamba matajiri watajinunulia viti. Lakini wajumbe wa kura za maoni ni wachache; kuwahonga hao ni rahisi kuliko kuhonga kitongoji kizima.

Nawaomba wabunge wa Mkoa wa Tanga waanzie chini, kwenye sheria za uchaguzi wa vijiji na vitongoji. Hizo ni sheria za kawaida, hazingoji Katiba Mpya, na uchaguzi ujao wa serikali za mitaa ni mwaka 2029. Muda upo.

Mwalimu mstaafu,
Muheza, Tanga