Barua kwa Mwanangu: Tulivyokwenda Maruhubi

Binti yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Barua yako imefika, na nimeona umeuliza kwa mzaha kama safari ya kwenda kuona magofu ya jumba la Maruhubi inastahili kuitwa likizo kwa watu wanaoishi Mjini Unguja. Inastahili. Ni kiasi cha kilomita 4 tu kaskazini ya Mji Mkongwe kwa barabara ya Bububu, nauli ya daladala haimtoi mtu jasho, na baba yako, ambaye amepita hapo tangu ujana wake, alikuwa hajawahi hata mara moja kushuka.

Jumba lile alilijenga Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, baina ya 1880 na 1882, liwe makao yake ya shamba, mbali kidogo na msongamano wa mji. Ghorofa yake ilikuwa ya mbao, na ndiyo maana moto wa mwaka 1899 uliila yote. Zilizobaki ni nguzo nene za mawe na chokaa ambazo zamani zilibeba roshani, na sasa zimesimama safu kwa safu bila ya kubeba kitu. Wageni huzipiga picha wakidhani ziliwekwa kwa ajili ya urembo. Baba yako, fundi kama unavyomjua, alizizunguka moja moja akikadiria uzito wa boriti zilizokuwa juu yake, mpaka bibi yako akamwambia aache kupima nyumba isiyokuwepo.

Mimi nilivutiwa zaidi na maji. Hamamu, yaani nyumba ya kuogea, bado linatambulika, na nje yake yapo mabirika na mabaki ya mfereji uliojengwa juu ya ardhi. Mawe ya marumaru ya hamamu hayapo tena, na inasemekana yaliibwa. Usisahau kwamba Barghash huyu huyu ndiye aliyewaletea watu wa mjini maji safi ya chemchemi kwa mabomba, na ndiye aliyejenga Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu la Mji Mkongwe, ambayo sehemu yake iliporomoka Disemba 2020. Moyo wangu uliuma siku ile kuliko ulivyouma Maruhubi, pengine kwa sababu gofu nimelikuta tayari gofu.

Kilichonikera ni hadithi. Kijana aliyetuongoza alitaja mke mmoja na masuria 99, akacheka, akangoja na sisi tucheke. Hesabu yenyewe ina harufu ya ngano. Lakini hata wangekuwa kumi, walikuwa watu waliomilikiwa, na sheria haikuwaharakia: amri ya mwaka 1897 iliyofuta utumwa Unguja na Pemba iliwaacha nje masuria, wakasubiri mpaka 1909. Bibi yako akamuuliza yule kijana, kwa upole kabisa, kama analijua jina la hata mmoja wao. Hakulijua, na simlaumu, kwani hakuna aliyemfundisha.

Jina moja, hata hivyo, tunalo, ingawa si la Maruhubi. Mbele kidogo kwa barabara ile ile yapo magofu ya Mtoni, jumba la Sayyid Said, baba yake Barghash, ambako Salme, dada yake Barghash kwa baba, alizaliwa mwaka 1844. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria aliyetoka nchi ya Wacherkesi, huko milima ya Kaukasi. Salme alijifunza kuandika kwa siri, jambo ambalo wasichana wa nyumba ile hawakufundishwa, na Barghash alipotaka kumpindua kaka yao Majid, aliyekuwa Sultani, mwaka 1859, yeye ndiye aliyekuwa akimwandikia barua. Njama ikashindwa, Barghash akapelekwa Bombay, na Salme baadaye akaishia Ujerumani, ambako kumbukumbu zake zilichapishwa mwaka 1886. Jilfidan tunamjua kwa kuwa binti yake alikuwa na kalamu. Wa Maruhubi hawakubahatika kupata binti wa namna hiyo, na nafasi yao imejazwa na tarakimu.

Inshaallah ukija likizo tutakwenda Mtoni pamoja. Bibi yako anasema twende asubuhi kabla jua halijawa kali, na uvae viatu vya kufunga kwa sababu ya majani. Baba yako ameshaanza kutafuta futi yake.

Wasalaam,
Mama yako