Roy Calne naye atajwe

Mhariri, nimesoma habari yenu kuhusu upandikizaji wa ini, nimefurahi mmemtaja daktari wa upasuaji Thomas Starzl wa Marekani, ila daktari mwenzake Roy Calne wa Uingereza hamjamgusa kabisa na hiyo si haki jamani. Starzl alianza Denver mwaka 1963, mgonjwa wa kwanza alikuwa mtoto wa miaka 3, akafia palepale kwenye meza ya opresheni kwa kuvuja damu, mpaka 1967 ndo akapata mgonjwa aliyeishi zaidi ya mwaka.

Sasa kushona ini jipya ni nusu ya kazi tu, maana mwili unalikataa, unalishambulia kama adui. Hapo ndo Calne anapoingia, tangu miaka ya 60 mwanzoni alikuwa anajaribu dawa za kuzuia hilo kwa mbwa waliopandikizwa figo, 1968 akapandikiza ini Cambridge, halafu 1978 akawa wa kwanza kuwapa wagonjwa waliopandikizwa viungo dawa ya siklosporini, inayozuia mwili kukataa kiungo kipya, ikabadilisha kila kitu.

Naomba mtoe makala nyingine, msiiruke ile miaka ya vifo, na mtafuteni daktari wa ini aeleze kwa nini wagonjwa wengi wanameza hizo dawa maisha yao yote.