Salamu za Krismasi kutoka Busia: mtengeeni mtoto debe lake

Wazazi wetu, walimu, wahudumu wa afya wa vijijini, na ninyi ndugu mnaotuchangia kutoka Kampala, Jinja na ng'ambo: heri ya Krismasi ya 2025 na fanaka za Mwaka Mpya. Salamu hizi zinatoka Busia, upande wa Uganda, kwa kikundi chetu kidogo kinachoshughulikia masomo na afya ya watoto wa vijijini. Majirani zetu Waislamu, ambao hula chapati zetu Desemba nasi tukala pilau yao ya Idi, nanyi mmo humu.

Mahindi ya msimu wa pili yako uani, maharage yameshapigwa, mabasi yamepandisha nauli kama kawaida yao, na kila nyumba ina mjukuu aliyekuja kwa bibi na viatu vipya ambavyo kesho kutwa vitakuwa vyekundu kwa vumbi. Mwaka huu kuna wagombea pia, maana uchaguzi ni Januari 15. Wanapita na sabuni na chumvi. Chumvi haiozi, lakini nayo haimalizi muhula.

Mgeni mwingine wa Desemba ni mchuuzi wa mahindi, na pikapu yake na mizani. Anajua mama anataka nguo za watoto, nyama na nauli ya kwenda kwa wakwe. Anajua pia kwamba mama hana ghala la maana. Kwa hiyo bei anaitaja yeye. Simwiti mtu mbaya, yuko kazini. Ila mahindi yale yale utayakuta sokoni wakati wa palizi, na bei yake hutaitambua. Wakati huo shule zitakuwa zimefunguliwa, na mtoto anauliza atakula nini mchana.

Mwaka 1997 serikali iliondoa karo katika shule za msingi za umma, kwanza kwa watoto wanne wa kila familia, baadaye kwa wote. Chakula hakikuwamo. Sheria ya Elimu ya 2008 nayo ikasema kumlisha mwanafunzi ni jukumu la mzazi. Mnaweza kubishana na sheria hiyo, mimi nabishana nayo mara nyingi, lakini saa saba mchana ikifika tumbo la mtoto halisomi sheria. Waliokwenda nyumbani kutafuta kipande cha muhogo wengi hawarudi kwa vipindi vya alasiri. Waliobaki wanasinzia juu ya madawati, na mwalimu anafundisha watatu wanne walio macho. Halafu matokeo ya darasa la saba yakitoka, tunasema watoto wa kijijini vichwa vyao vizito.

Basi ombi letu la sikukuu ni hili: kabla ya mizani kufika uani, kila mtoto anayesoma atengewe debe lake. Debe la mahindi makavu lina kilo kama 17. Ukimpimia mtoto gramu 200 za unga kwa siku, kwa siku 65 hivi za masomo katika muhula, unapata kilo 13. Linatosha, na kinachozidi kinamlipa mwenye mashine. Tungependa yasagwe bila kukobolewa. Posho, yaani ugali, haitakuwa nyeupe ya kuwaonyesha wageni, lakini kile kiini chenye mafuta na vitamini kitaingia tumboni mwa mtoto badala ya kuishia kwa kuku wa mwenye mashine. Maharage tutatafuta sisi.

Na debe lenyewe lisiwe la yale mahindi yaliyokataliwa na mchuuzi. Nasema hivi kwa sababu tunajuana: mazuri huenda sokoni, yenye ukungu hubaki nyumbani. Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa ajili ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu, hapa mpakani gumzo lilikuwa malori na hasara. Wachache waliuliza yale yaliyobaki nyumbani yanaliwa na nani. Sumukuvu huiondoi kwa kupika posho, na ini la mtoto ndilo linaloumia. Anikeni juu ya turubai, si juu ya udongo, na jioni yaingizwe ndani kabla ya umande. Kujua kama yamekauka, tieni punje na chumvi kavu katika chupa kavu, mtikise, muache kidogo. Chumvi ikinata kwenye chupa, rudisheni juani. Hapa chumvi ya mgombea imepata kazi.

Sasa hao wajukuu wa mjini. Mvua imeacha madimbwi, na malaria hupanda majira haya. Mtoto aliyekulia Kampala kinga yake ni ndogo kuliko ya binamu yake wa hapa, kwa hiyo mnapofunga mizigo, chandarua kitangulie viatu. Kwa bibi kipo kimoja, na wajukuu wamejaa nyumba nzima. Homa ikianza usiku wa Krismasi, mwamsheni VHT, mhudumu wa afya wa kijiji, au mpelekeni mtoto kituo cha afya. Msingoje sherehe iishe.

Mama wenye watoto wadogo, tazameni kadi. Chanjo ya malaria ilianza kutolewa Aprili mwaka huu katika wilaya 105, dozi nne: miezi 6, 7, 8, kisha miezi 18. Waliofungua njia Aprili wakiwa na miezi sita watafikia dozi ya mwisho Aprili ijayo. Hiyo ndiyo inayosahaulika, kwa sababu mtoto anakimbia, ana afya, na mama hana tena safari ya kliniki. Kadi isizikwe chini ya sanduku.

Wafadhili, ahsanteni sana kwa madaftari, taulo za kike na dawa za minyoo. Mkituuliza mwaka ujao mlete nini, tutataja vitu visivyopendeza kwenye picha: turubai, sufuria kubwa, na magunia yasiyopitisha hewa. Nguo tunazo.

Madebe yatapokelewa shuleni wiki ile kabla ya kufungua muhula, Februari, kila gunia na jina la mtoto wake. Aliyevuna kidogo alete nusu, tutaongea. Aliyekosa kabisa aje vilevile, maana mapishi ni ya zamu na mikono inatakiwa.

Hadi hapo kuleni vizuri, imbeni, wapeni wazee mahali pa kivulini, na watoto walale ndani ya chandarua. Heri ya Krismasi, na Mwaka Mpya utukute wazima.