Malalamiko: Nimeuziwa Novela Zilezile Mara Mbili

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Duka la Vitabu Mtandaoni.

Ndugu Meneja,

YAH: VITABU VINAVYOUZWA BILA KUTAJWA YALIYOMO, NA NAMBA ZA MFULULIZO ZINAZOPINGANA

Mimi ni mteja wenu wa siku nyingi, na karibu nusu ya vitabu nilivyonunua kwenu ni vya mwandishi mmoja, Lois McMaster Bujold. Katika kazi zake za fantasia, ninazozipenda kupita zote ni zile novela, yaani hadithi fupi kuliko riwaya, za Penric na Desdemona, pepo anayeishi ndani ya Penric. Amekuwa akizitoa moja moja tangu 2015, kwanza kama vitabu pepe, na kila mpya inapotoka mimi huwa miongoni mwa wa mwanzo kuipakua.

Hivi karibuni niliona dukani kwenu kitabu cha karatasi kinachoitwa Penric's Progress. Palikuwa na picha ya jalada, mistari mitatu ya sifa, na maneno "Kitabu cha 1". Hapakuwa na neno hata moja la kusema ndani mna nini. Nikadhani ni kazi mpya, nikaiagiza siku hiyohiyo.

Kifurushi kilipofika nilikifungua nikiwa bado nimesimama mlangoni. Kijana yuko safarini kwenda kwenye uchumba wake, anakuta bibi mzee amezidiwa na ugonjwa kando ya njia, anashuka kwenye farasi kumsaidia. Sikuwa na haja ya kusoma zaidi. Hiyo ni Penric's Demon, novela ya kwanza kabisa, na nilikwisha kuinunua kwenu kama kitabu pepe. Nikafunua orodha ya yaliyomo: ya pili ni Penric and the Shaman, ya tatu ni Penric's Fox. Zote tatu ninazo, na zote nilizinunua kwenu.

Naomba nieleweke. Sina ugomvi na mwandishi wala mchapishaji. Kukusanya novela tatu tatu katika juzuu moja, kama walivyofanya pia kwa Penric's Travels na Penric's Labors, ni hisani kwa msomaji anayependa karatasi. Novela ni kitu kidogo. Tuzo ya Hugo, ya hadithi za sayansi na fantasia, huihesabu kuwa kazi ya maneno 17,500 hadi 40,000, na kwa urefu huo si ajabu mchapishaji akaona heri azifunge pamoja. Orodha ya yaliyomo wameichapa wazi ndani ya kitabu. Ninyi ndio hamkuiweka pale mnunuzi anapotazama kabla ya kulipa.

Lakini kosa hilo ni dogo kuliko la pili.

Mume wangu macho yake yamedhoofika, kwa hiyo yeye husikiliza vitabu vya sauti nami husoma kwenye simu. Tumejiwekea desturi: tunachukua novela moja, kila mtu kwa njia yake, kisha jioni tunaizungumza. Tulipomaliza mbili za mwanzo tukakubaliana kwenda kwenye "Kitabu cha 3", kama mlivyoandika ninyi wenyewe. Jioni yeye akaanza kunieleza habari za mbweha, na mtu aliyeuawa msituni kwa mishale. Mimi nilikuwa nimemwacha Penric ametupwa chini ya shimo la gereza, katika nchi ya ugenini. Tukatazamana. Kwenye vitabu vya sauti namba 3 yenu ni Penric's Fox. Kwenye vitabu pepe namba 3 yenu ni Penric's Mission.

Sababu naijua, na ninyi mnaouza mnapaswa kuijua kuliko mimi. Mission ilitoka 2016 na Fox ikafuata 2017, lakini matukio ya Fox yanatangulia kwa miaka kadhaa. Masquerade in Lodi ni hivyohivyo: ilitoka 2020, na kisa chake kimetangulia vingine vilivyochapishwa kabla yake. Upande mmoja mmehesabu kwa mwaka wa kutoka, upande mwingine kwa mtiririko wa maisha ya Penric, na hamkumwambia mtu. Kabla hatujagundua, nilikuwa nimeshamtajia mume wangu mambo ambayo angepaswa kuyafikia mwenyewe, kwa sikio lake, kwa wakati wake. Hilo hakuna pesa ya kulirudisha, na linaniuma zaidi ya lile la kifurushi. Isitoshe, The Assassins of Thasalon mmeipanga pamoja na novela, hali ni riwaya kamili.

Niliwaandikia mara mbili. Mara zote mbili nilijibiwa kwamba maelezo ya bidhaa hutoka kwa mchapishaji na kwamba kitabu kilichofunguliwa hakirudishwi. Jibu la kwanza silikubali: namba zile mbili zinazopingana zimo kwenye kurasa zenu, chini ya jina lenu. La pili pia silikubali. Ningejuaje kilichomo ndani bila kukifungua, ikiwa ninyi mlinificha?

Ninachoomba ni kurudishiwa pesa za Penric's Progress, au nibadilishiwe na juzuu ambayo sina hata kisa kimoja ndani yake. Kisha wekeni majina ya novela zote kwenye ukurasa wa kila mkusanyiko, juu, karibu na kitufe cha kununua. Kitabu pepe, cha sauti na cha karatasi vya kisa kimoja viunganishwe, ili mtu akifungua kimoja avione na vingine. Na penye namba, semeni ni namba ya nini: ya kutoka au ya kisa. Mfumo wenu unakumbuka kila nilichonunua, maana kila wiki unaniletea mapendekezo kwa kufuata hayohayo. Basi uweze pia kunionya kwamba kisa hiki tayari ninacho.

Mume wangu sasa hataki kugusa kitabu kinachofuata mpaka kwanza nimthibitishie kwamba ndicho chenyewe. Kazi hiyo ningependa muifanye ninyi.

Kitabu nimekirudisha ndani ya kifurushi chake, hakina kunyanzi wala alama ya kalamu. Nasubiri maelekezo yenu ya mahali pa kukituma.

Wenu,
Mteja na msomaji