Mitambo mizito ifungwe ipasavyo kabla ya kupanda Kitonga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi tunaofanya kazi ya mitambo kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma tunaliona mara kwa mara, nalo ni namna eskaveta, greda, buldoza na mashindilia yanavyofungwa juu ya matela ya lobedi, yaani matela yenye sakafu ya chini ya kubebea mitambo, yanaposafirishwa kutoka bandarini kwenda kwenye miradi ya barabara, migodini, na hata ng'ambo ya mpaka, Zambia na Kongo.

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016 imeweka ukomo wa tani 56 kwa gari pamoja na mzigo wake, na anayebeba mzigo usio wa kawaida hana budi kuwa na kibali maalumu. Kwa sababu hiyo lobedi iliyobeba mtambo hupita mizani ya Vigwaza, ikaja ya Mikese, kisha Wenda na Makambako, na ekseli zake zikajulikana uzito wake barabara yote. Kazi hiyo ina faida kubwa na siibezi hata kidogo. Tatizo ni kwamba mizani husoma uzito tu. Haiwezi kutuambia kama mtambo huo utabaki juu ya tela pale dereva atakapolazimika kukanyaga breki ghafla kwa sababu ya bodaboda au ng'ombe aliyekatiza.

Hivi karibuni pale Ruaha Mbuyuni, ambapo magari mengi husimama kabla ya kuanza kuupanda Mlima Kitonga, niliiona eskaveta ya minyororo, yaani inayotembea kwa minyororo badala ya magurudumu, iliyofungwa kwa cheni moja tu, iliyopitishwa juu ya fremu na kukazwa upande mmoja. Cheni yenyewe ilikuwa imekatika zamani na pingili zake mbili zimeunganishwa kwa bolti na nati. Chini ya minyororo ya mtambo kulikuwa na mawe mawili mahali pa kabari, kijiko kimelazwa kwenye sakafu ya tela bila kufungwa na chochote, na sakafu hiyo ya chuma ilikuwa inang'aa kwa grisi na tope lililokauka. Nyuma ya lobedi ile liliegeshwa basi la abiria.

Wasomaji wengi hudhani kwamba mtambo wa tani 20 hauwezi kusogea kwa vile ni mzito. Uzito huo huo ndio hatari yenyewe. Viwango vya Ulaya vya ufungaji wa mizigo vinataka vifungo vihimili, kuelekea mbele, nguvu inayolingana na asilimia 80 ya uzito wa mzigo, na asilimia 50 kuelekea nyuma na pembeni. Kwa eskaveta ya tani 20, hiyo ni nguvu ya tani 16 inayousukuma mtambo kuelekea kwenye kabini ya dereva breki zinapokamata. Cheni ya milimita 13 ya daraja la 8, ambayo ni ya chuma kilichoimarishwa kwa moto, imeruhusiwa kubeba tani 10. Lakini ikikazwa kwa mshazari wa nyuzi 45, nguvu inayobaki ya kuuzuia mtambo usiende mbele ni tani 7 hivi. Cheni mbili za namna hiyo zinazovuta kuelekea nyuma zinatoa tani 14, na tani zinazopungua lazima zitokane na msuguano kati ya minyororo ya mtambo na sakafu ya tela. Sakafu ya mbao kavu au yenye mikeka ya mpira itaweza. Chuma juu ya chuma chenye grisi hakitoi msuguano wa kutegemewa, na ndiyo maana fundi makini husafisha minyororo na sakafu kabla ya kuupandisha mtambo.

Nchini Marekani, mtambo wa magurudumu au wa minyororo wenye uzito wa takriban tani 4.5 au zaidi lazima ufungwe kwa vifungo visivyopungua vinne, mkono na kijiko vishushwe na kufungwa peke yake, na mitambo inayopinda katikati, kama loda na baadhi ya mashindilia, izuiwe isipinde safarini. Dereva naye anatakiwa kukagua vifungo ndani ya kilomita 80 za kwanza, kwa sababu mtambo hutulia na cheni hulegea gari linapotikisika. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji teknolojia tusiyokuwa nayo. Cheni zinauzwa, vikazio vinauzwa, na mitambo mingi hutoka kiwandani ikiwa na sehemu maalumu za kufungia, na baadhi ya eskaveta huwa na pini ya kuuzuia mwili wa juu usizunguke. Inasikitisha kumwona mtu akiziacha sehemu hizo za kufungia na kuipitisha cheni juu ya bomba la haidroliki.

Niseme pia juu ya cheni zilizochomelewa. Pingili ya daraja la 8 ikichomelewa gereji hupoteza ule uimara ilioupata kiwandani, hata kama kwa macho inaonekana nzima. Cheni hiyo iondolewe kazini. Vivyo hivyo kamba za manila, ambazo nimeziona zikifunga trekta juu ya Fuso msimu wa kilimo, ni za kufungia turubai.

Sipendi lawama zote zimwangukie dereva. Mara nyingi opereta huupandisha mtambo, akashuka na kuondoka. Dereva huamini kwamba opereta ameshafunga. Utingo hukaza kwa alichokikuta kwenye sanduku. Na mwenye tela, ambaye ndiye anayepaswa kununua cheni, hayupo. Mkandarasi anayeusubiri mtambo eneo la kazi hupiga simu kuuliza umefika wapi, wala haulizi umefungwaje. Dereva anayelipwa kwa safari hana nguvu ya kukataa kuondoka, ila kama kuna karatasi ya serikali inayomkataza.

Ombi langu kwa Wizara ya Ujenzi, Wakala wa Barabara (TANROADS) na Kikosi cha Usalama Barabarani ni kwamba kibali cha kusafirisha mtambo kitaje idadi ya vifungo, unene na daraja la cheni, na jina la mtu aliyethibitisha ufungaji huo kabla ya safari. Mizani ni mahali panapofaa kukagua, kwa kuwa gari linasimama pale kwa lazima na kuzizunguka cheni nne kwa miguu hakuchukui muda mrefu. Lobedi iliyopungukiwa izuiwe hapo hapo hadi ikamilishe. Kwa miradi inayolipwa kwa fedha za umma, gharama ya vifungo na usafirishaji salama iandikwe kwenye zabuni kama kipengele kinachojitegemea, ili mkandarasi asipate mwanya wa kubana fedha kwenye cheni.

Fundi mitambo,
Makambako