Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri yetu: picha za mbaazi zijibiwe

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Nakusalimu kwa heshima. Naandika kutoka Tabata, Dar es Salaam, nimetoka zamu ya usiku na sijalala. Naomba uisome barua hii kabla mama yangu hajang'oa mistari ya mbaazi iliyobaki shambani.

Jumamosi iliyopita nilipanda basi la alfajiri pale stendi ya Mbezi kwenda nyumbani, mkoani Morogoro. Mdogo wangu alikuwa amenipigia usiku: "Kaka, mbaazi zimekauka zimesimama." Nilifika saa tano hivi. Kwa mbali shamba lilikuwa limependeza kwa maua ya njano. Ukiingia ndani ndipo unaona: mche huu mzima, unaofuata majani yamelegea kama yaliyomwagiwa maji ya moto, wa tatu fimbo kavu na maua yake yamekaukia hukohuko juu. Mama alikuwa katikati, kanga ameifunga kiunoni, anang'oa. Ana miaka 67.

Nilichukua shina moja. Upande mmoja lilikuwa na mstari wa zambarau ulioanzia chini kwenye udongo ukapanda kama upana wa kidole. Nikabandua gamba kwa kisu. Ndani, kwenye mti mweupe, kulikuwa na michirizi ya kahawia, mingine imeshakuwa myeusi. Mheshimiwa, mimi kazi yangu ni kupima kwa altrasaundi katika hospitali moja hapa mjini. Kila siku natazama ndani ya watu bila kuwapasua wala kuwachoma sindano, na mshipa ulioziba naujua. Nilisimama pale na kile kisu mkononi nikaona aibu, kwa sababu huu ni msimu wa tatu.

Msimu wa kwanza ilikuwa miche michache upande wa bondeni, mama akasema mchwa. Wa pili ukafika robo ya shamba. Tukauziwa dawa ya kupuliza, chupa mbili, tukapuliza mara tatu, na mama akauza mbuzi wawili kuilipia. Hakuna aliyetuambia kwamba kama ni mnyauko wa fuzari, yaani ugonjwa wa kuvu unaonyausha mbaazi, dawa ya kupuliza majani haiufikii. Kuvu wake wanakaa ardhini na kwenye mabaki ya mashina, hata miaka mitatu. Wanaingilia mizizini, wanaziba njia za maji, na mara nyingi mkulima anakuja kushtuka mbaazi zikishatoa maua, wakati gharama zote zimeshaingia. Sisi mashina ya zamani tulikuwa tunayakata yachipue tena, na yaliyokufa mama anayalaza kwenye kingo kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Yaani tuliufuga ugonjwa kwa mikono yetu. Mimi nahisi uliingia na mbegu za kuazima za mwaka ule, au na maji yanayoteremka kutoka shamba la juu. Majirani wanasema ni jicho la mtu, na mama ameanza kuwasikiliza. Hilo linaniuma kuliko mbuzi.

Sasa nikukumbushe kwa adabu. Mwaka juzi ulisimama chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji ukasema wakulima wakiona ugonjwa wapige picha, watume, na bwana shamba atajibu ndani ya siku saba. Namba ikaandikwa ubaoni. Mama hakuwa na karatasi, akaenda nayo kichwani mpaka nyumbani, akaiandika kwa mkaa kwenye mlango wa jiko. Ipo mpaka leo, hataki mtu aifute. Kwa namba hiyo tumetuma picha 23. Tiki zote ni za buluu, maana yake zimefunguliwa. Neno moja halijarudi, hata la "nimeona".

Niruhusu nikueleze jambo la fani yangu, kwa sababu ndilo lililonifanya nikae niandike. Katika Kituo cha Kimataifa cha Anga, kinachozunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 400 hivi, mwanaanga mmoja alikuwa na miezi miwili tu huko juu alipopimwa kwa altrasaundi kwa ajili ya utafiti. Alikutwa na damu iliyoganda kwenye mshipa mkubwa wa shingo, upande wa kushoto. Alikuwa haumwi popote. Kipimo kilirudiwa: alijishikia kifaa mwenyewe shingoni, wataalamu wakiwa ardhini wakimwelekeza, nao wakaithibitisha ile picha. Akatibiwa hukohuko kwa zaidi ya siku 90, akarudi salama. Kisa hicho kilichapishwa mwaka 2020. Kabla yake, 2019, ulichapishwa uchunguzi wa wanaanga 11, na 6 kati yao damu ya mshipa huo ilikutwa imetuama au inarudi nyuma.

Mheshimiwa, mwanaanga yule aliokolewa na watu waliokuwa wanaitazama picha na kujibu. Kifaa peke yake kisingemfaa kitu. Mama yangu naye kifaa anacho: simu ya mdogo wangu, na kisu cha jikoni. Yuko umbali usiofika kilomita 300 kutoka hapa nilipo, na kutoka ofisini kwako ni mwendo wa pikipiki.

Mimi nimesomeshwa na mbaazi hizi. Mwaka 2017, India ilipoweka kikomo cha kuingiza mbaazi na bei ikaanguka, mama alijaza magunia chumbani akalala sebuleni, na mwaka uliofuata akapanda tena. Bei haikumtoa shambani. Hili la sasa linamtoa.

Dawa ya bure hatuombi. Tunaomba mtu aje apasue shina mbele ya mama amwambie ni nini. Kama ni mnyauko, amwambie mabaki achome au afukie, apande mtama au mahindi kwa miaka mingapi, na katika miaka hiyo mboga ya nyumbani atoe wapi. Watafiti wameshatoa mbegu zinazoustahimili, mojawapo inaitwa Mali. Mama hajawahi kuiona hata kwenye pakiti. Amwambie inapatikana wapi kabla ya masika. Na kama hakuna mtu wa kuja, basi hizo picha zijibiwe. Kama hata hilo ni zito, ijibiwe moja.

Leo saa kumi na mbili asubuhi nimezituma tena, zote 23, pamoja na nyingine nne nilizopiga Jumamosi. Anza na ya mwisho. Ni shina lililobanduliwa, liko juu ya kiganja cha mama, mchirizi mweusi unaonekana vizuri kuanzia kwenye kidole gumba mpaka kwenye mkono wa blauzi. Nimeipiga juani ili usipate taabu kuiona.

Mwanao wa kijiji kile,
Tabata, Dar es Salaam